Mashindano ya Safari Yalipopima Magari kwa Bei

Mei 1953, siku chache kabla ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, madereva walianza kushindana katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo asili ya mashindano ya Safari. Lililosahaulika ni kanuni yake ya awali: magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini.

Kanuni hiyo ilimfaa mnunuzi, kwani aliona fedha zake zingestahimili vipi vumbi na matope. Kwa wauzaji wa magari ya kifahari ulikuwa mtihani mgumu, na pengine wa aibu. Mwaka 1954 ushindi wa jumla ulichukuliwa na gari dogo la Volkswagen, likiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu.

Miaka miwili baadaye alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant. Volvo yao haikutoka dukani; ilikuwa imekwisha kutumika.