UFAFANUZI KUHUSU LUGHA YA WACHAPAJI NA UAGIZAJI WA FULANA, KOFIA NA KANGA ZA SHEREHE

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaoshughulikia maandalizi ya sherehe, maonesho na mikutano wanafafanuliwa maana ya maneno yatumiwayo na wachapaji wa fulana, kofia na kanga, pamoja na masharti yanayofungamana nayo. Fedha inayotumika katika kazi hizi aghalabu ni ya umma au michango ya watu, na hasara inapotokea si lazima iwe imetokana na hila ya mchapaji. Mara nyingine chanzo chake ni karatasi iliyotiwa saini na mtu ambaye hakuelewa alichokikubali.

Mfano unaofaa ni Somanda, kata ya mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Mkoa huo ni wa wakulima wa pamba. Miaka ya 2018, 2019 na 2020 maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika katika viwanja vya Nyakabindi, wilayani Bariadi. Kamati iliyoko Somanda inakabiliwa na hali ile ile waijuayo watu wa visiwani: mchapaji wa kazi kubwa yuko mbali, Mwanza au Dar es Salaam, mzigo hupanda basi kama wa visiwani upandavyo boti, na ukifika na kosa hapana nafasi ya kuurejesha. Tarehe 8 Agosti haiahirishwi kwa sababu ya fulana.

Kwa hiyo neno la kwanza la kufahamiwa ni muda wa kazi. Mchapaji anapoandika "siku 14 za kazi", hazihesabiwi tangu siku ilipoandikwa barua ya kuomba bei. Kwa kawaida huhesabiwa tangu mteja alipolipa malipo ya awali na kuidhinisha prufu, tena Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo. Siku za usafiri nazo ni mbali. Kamati inayokaa wiki nzima na prufu mezani, ikisubiri mkubwa arudi safari, inakula siku zake yenyewe.

Prufu ni nakala ya uhakiki inayoonesha kazi itakavyokuwa kabla haijachapwa. Kuitia saini ni kukiri kwamba maneno, tarehe, vipimo, rangi na mahali pa nembo ni sahihi. Baada ya hapo kosa lililomo ndani yake ni la mteja, hata kama aliyelipiga chapa ni kijana wa mchapaji. Hapana budi isomwe na watu wawili, mmoja wao awe hakushiriki kuandika maneno, kwani jicho la mwandishi huona alichokusudia. Yapasa pia kuitofautisha prufu na sampuli. Prufu huweza kuwa picha tu katika karatasi au simu, amma sampuli ni fulana yenyewe iliyochapwa moja. Kwa oda kubwa sampuli idaiwe, hata ikilipiwa.

Bendera ihakikiwe peke yake. Katika baadhi ya njia za kubandika picha kwa pasi, picha hutolewa kinyume, kama ionekanavyo katika kioo, ili ikigeuzwa juu ya kitambaa isimame sawa. Fundi akisahau, maneno yatasomeka kinyume na kosa litaonekana mara moja. Bendera haina maneno, hivyo kosa hupita. Katika Bendera ya Jamhuri ya Muungano, mstari mweusi wenye kingo za manjano huanzia pembe ya chini upande wa mlingoti na kupanda hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Kijani kiko juu upande wa mlingoti, na buluu iko chini upande wa pili. Mlingoti ukiwa kushoto na mstari ukaonekana unashuka kwenda kulia, picha imegeuzwa.

Kuhusu rangi, kioo cha kompyuta huonesha kwa mwanga, na mchapaji hufanya kazi kwa wino. Kijani kinachong'aa katika kompyuta huweza kufifia katika kitambaa bila mtu yeyote kukosea. Pantone ni utaratibu wa kuzitaja rangi kwa namba, ulioanza mwaka 1963, na afisi yenye nembo yapaswa kuzijua namba zake, maadamu neno "kijani" halimfungi mchapaji kwa chochote.

Katika uchapaji wa skrini kila rangi hutengenezewa skrini yake, na hapo ndipo inapotoka ada ya maandalizi. Tuchukulie kwamba skrini moja inatozwa shilingi 20,000 na nembo ina rangi tatu. Ada itakuwa shilingi 60,000. Ikigawanywa kwa fulana 50, kila moja inabeba shilingi 1,200; kwa fulana 500, inabeba shilingi 120. Mchapaji anayetaja bei kubwa kwa oda ndogo si lazima awe mlafi. Darizi ya kofia hukadiriwa zaidi kwa wingi wa mishono, na herufi ndogo hujazana uzi zikawa hazisomeki.

Kanga zina mambo yake. Kiwanda hakihesabu vipande, bali mita za kitambaa, na kima cha chini cha oda huwa kikubwa. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilijulikana kwa kanga na vitenge. Mpangilio wa pindo, mji na jina hurudiwa kitambaa chote, hivyo herufi moja iliyokosewa katika jina la kanga itavaliwa na kila mama aliyepewa doti yake, na ataihifadhi miaka mingi. Kanga haitupwi kama karatasi.

Bei iulizwe kwa maandishi: je, kodi ya ongezeko la thamani imo? Je, ni bei ya mlangoni kwa mchapaji, au ya kufikishiwa? Baadhi ya wachapaji huandika pia kwamba idadi yaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 5 au 10. Aliyeagiza kofia 300 chini ya sharti la asilimia 5 akapokea 285 hana madai ya kofia 15, ila asilipishwe zisizoletwa. Kama majina ya wageni ni 300 kamili, sharti hilo likataliwe kabla ya kutolewa hati ya ununuzi.

Mzigo ukifika, marobota yafunguliwe na kuhesabiwa kwa saizi, kwani jumla yaweza kutimia huku saizi kubwa zikikosekana. Fulana moja ifuliwe kwa maji na sabuni, ianikwe, na wino wake uangaliwe, kisha ndipo hati ya mapokezi itiwe saini.