Kodi ya nyumba Kizwite, Mombasa, Dubai na London: tulinganishe nini kabla ya kulipa?

  

Ndugu zetu katika imani, ni familia chache hivi sasa Unguja na Pemba ambazo hazina mtu anayeishi nyumba ya kupanga mbali na kwao. Mmoja yupo Muscat, mwengine London, mwengine amepangiwa kazi Bara. Kila mmoja anapotaja kodi yake, wazee nyumbani hulinganisha kwa kutazama kodi ya mwezi tu. Hapo ndipo makosa yanapoanza, na mara nyingi yanaishia kwenye kudhulumiana.

Tuchukue mfano wa kijana aliyepelekwa kufanya kazi Sumbawanga, mkoa wa Rukwa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Amepata chumba katika kata ya Kizwite. Tuseme kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Anapiga simu nyumbani kuomba 280,000. Mzee anashangaa: chumba cha elfu arubaini, laki mbili na themanini za nini? Kijana hasemi uongo. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa pamoja, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Huu ndio utaratibu ulioenea katika miji mingi ya Bara, na wapo wanaodai hata mwaka mzima.

Pesa ya kuingilia

Jambo la kwanza la kulinganisha ni pesa inayotoka siku ya kupokea ufunguo. Mombasa na Nairobi kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, na anayeingia kwa kawaida hutoa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dhamana ya mwezi mmoja. Kwa hiyo anahitaji miezi miwili tu. Uingereza, upande wa England, sheria ya mwaka 2019 imeweka mpaka: dhamana isizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000. Ujerumani dhamana haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Dubai kodi huhesabiwa kwa mwaka na hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele. Inaweza kuwa hundi moja au zaidi, kwa makubaliano.

Kwa hiyo chumba cha Kizwite, ambacho kodi yake ni ndogo mno ukiiweka mbele ya kodi ya London, kinaweza kumtaka mpangaji miezi saba ya kodi kwa siku moja, wakati wa London anatoa miwili na kidogo. Kwa anayeanza kazi na mshahara wa kwanza hajaupata, huo ni mzigo mkubwa, na ndio unaowaingiza vijana kwenye mikopo ya riba.

Malipo ya mbele si dhamana

Jambo la pili ni kujua pesa ipi itarudi. Kodi iliyolipwa mbele inaliwa mwezi baada ya mwezi mpaka imalizike. Dhamana ni mali ya mpangaji iliyo mkononi mwa mwengine, na hurudi akiondoka bila deni wala uharibifu. England mwenye nyumba analazimika kuiweka dhamana katika mpango wa ulinzi uliokubaliwa na serikali ndani ya siku 30. Huku kwetu ulinzi huo ni maandishi na mashahidi tu, basi tusione haya kuandikiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Suratul Baqarah, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi.

Ndani ya kodi mna nini?

Jambo la tatu ni huduma. Mpangaji wa London mara nyingi hulipa kodi ya baraza la mji na gharama za kupasha nyumba joto, mbali na kodi ya nyumba yenyewe. Sumbawanga ipo juu katika uwanda wa Ufipa na baridi yake ya Juni na Julai si ya mchezo. Kijana wa Makunduchi au Wete atahitaji mablanketi na maji ya moto ya kutawadhia.

Aulize pia umeme. Mita ya LUKU ikiwa moja kwa vyumba vingi, wagawane vipi? Na lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo Bara hukatwa kwenye ununuzi wa umeme. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikawa 1,500. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme amemlipia mwengine deni lake, basi wakubaliane mapema kwamba itapunguzwa kwenye kodi ya chumba.

Halafu kuna stara. Wazee wetu waliozoea fleti za Michenzani wanajua kila familia ina mlango wake na choo chake. Vyumba vya kupanga katika miji mingi ya Bara vinazunguka uwa mmoja, na choo na bomba ni vya pamoja. Anayekwenda na mke wake aulize hilo kabla ya kuuliza bei. Kuongeza pesa kidogo kwa ajili ya choo cha ndani si israfu.

Shari'ah inasemaje?

Kukodisha nyumba ni ijara, na msingi wake ni kwamba manufaa yajulikane, ujira ujulikane na muda ujulikane. Katika Suratul Qasas, mzee wa Madyan alipotaka kumuajiri Nabii Musa (amani iwe juu yake), alitaja miaka minane, na kukamilisha kumi akaiacha kwa hiari yake. Kulipa kodi mbele kunajuzu wakiridhiana. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa visiwani, wanavyuoni wameeleza haya:

- Ijara ni mkataba unaofunga pande mbili. Mpangaji akihamishwa kazi mwezi wa pili, uhamisho peke yake hauuvunji mkataba, na hawezi kudai miezi iliyobaki kama haki yake. Mwenye nyumba akimrudishia ni ihsani. Lakini mpangaji anaruhusiwa kumkodisha mwengine aliye mfano wake, ikiwa mkataba haukuzuia.
- Nyumba ikibomoka, ijara ya muda uliobaki inavunjika na kodi yake inarudishwa.
- Ukarabati ni juu ya mwenye nyumba. Bati likivuja asilitengeneze haraka, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba.
- Kodi haipandishwi katikati ya muda uliokubaliwa. Muda ukiisha, wanaanza makubaliano mapya.

Nukta hii ya mwisho ina uzito zaidi Bara, kwa sababu sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Dubai ina kiwango cha mwisho cha kupandisha kodi wakati wa kuhuisha mkataba. Kizwite kinga ya mpangaji ni kile walichokubaliana.

Tahadhari mbili. Kwanza, sharti la kuongeza pesa kwa kuchelewesha kodi: kodi iliyofika wakati wake ni deni, na nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba. Pili, mtindo wa kumpa mwenye nyumba mamilioni, ukae bure, kisha akurudishie zote ukiondoka. Korea Kusini mtindo huu ni maarufu na huitwa jeonse. Pesa hizo kwa hakika ni mkopo, na kukaa bure ni manufaa yaliyoshurutishwa juu ya mkopo, jambo ambalo wanavyuoni wamelihesabu kuwa riba.

Basi mtoto akipiga simu kutoka Kizwite au popote, tumuulize: siku ya kwanza unatoa kiasi gani, ipi itarudi, ndani ya kodi mna nini, na yameandikwa wapi? Mwenye uwezo amkopeshe kijana wake qardh hasan ya miezi hiyo sita, amuepushe na mlango wa riba. Na sisi tunaopangisha nyumba zetu hapa visiwani, tukumbuke kuwa mtoto wa mwengine naye ni mgeni kwetu.

Wallahu a'lam.