H ya mtafiti na mbuzi wa Bura

Mtafiti wa tiba anapoomba cheo au ruzuku, kamati hurukia orodha ya makala zake, ikazihesabu, ikatazama zimenukuliwa mara ngapi, kisha ikauliza h yake. Kipimo hicho cha h kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa si chini ya mara 20. Kabla yake kulikuwa na kigezo cha athari cha majarida, yaani wastani wa nukuu kwa kila makala ya jarida, kilichotokana na kazi ya Eugene Garfield, Mmarekani aliyetoa faharasa ya nukuu za kisayansi mwaka 1964. Garfield alitaka kumrahisishia msomaji kazi ya kutafuta makala zinazohusiana. Vyeo vya watu havikuwa shabaha yake. Hoja yangu ni kwamba vipimo hivi vinaonyesha vizuri jinsi watafiti wanavyosomana wao kwa wao, lakini havimwambii mtu lolote la maana kuhusu iwapo utafiti umewafaa wale ambao damu yao na mifugo yao ilipimwa. Kaunti ya Tana River nchini Kenya, kuanzia Bura hadi Garsen na delta yake, ina ushahidi wa kutosha.

Tuchukue homa ya Bonde la Ufa. Daubney, Hudson na Garnham waliieleza mwaka 1931 kutokana na kondoo waliokufa karibu na Naivasha. Kirusi chake hubebwa na mbu, na baadhi ya mbu hao, wa jamii ya Aedes, hutaga mayai kwenye udongo wa mabondeni, yakakaa humo makavu kwa muda mrefu hadi mafuriko yafike. Mbuzi na kondoo hutupa mimba kundi zima, vitoto hufa, na binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu au kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa, hasa wakati wa kuchinja na kuzalisha. Mwishoni mwa 2006 mvua zilizidi, na Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa, kisha Tana River nayo ikaguswa. Kufikia mwisho wa mlipuko huo mwaka 2007, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155.

Mlipuko ule ulikuwa umetabiriwa. Assaf Anyamba na wenzake, wakitumia takwimu za setilaiti za joto la bahari, mvua na mimea, walitoa onyo wiki 2 hadi 6 kabla ya wagonjwa kuonekana, na mwaka 2009 wakachapisha kazi hiyo katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Ni kazi kubwa, na nukuu ilizopata ni halali yake. Mwaka uliofuata, Christine Jost na wenzake walichapisha katika jarida la tiba ya nchi za joto la Marekani tathmini yao ya mlipuko uleule nchini Kenya na Tanzania. Waligundua kwamba wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina lao la ugonjwa huo, sandik, yaani pua inayotoka damu. Kwamba walikumbuka kuuona mwaka 1997/98. Na kwamba waliona mvua kubwa na makundi ya mbu kabla maonyo ya kimataifa hayajatolewa. Waligundua pia kwamba wakubwa waliongoja uhakika kamili ndipo wachukue hatua zote kwa pamoja, na kwamba chanjo ya dharura, kwa jinsi inavyochukua muda kuandaliwa, haikusaidia kuuzima mlipuko. Utabiri ulikuwepo, macho ya wafugaji yalikuwepo, na bado watu wakafa. Kosa hilo si la walioandika utabiri. Lakini ukiziweka makala hizi mbili kwenye mizani ya nukuu, hutajua kamwe kwamba ya pili ndiyo iliyoeleza mahali ambapo mnyororo ulikatika.

Mfano wa tatu uko ndani ya kaunti yenyewe, na ndio ninaoupenda zaidi kwa sababu hauna makeke. Kuanzia Septemba 2014 hadi Juni 2015, Deborah Mbotha, Bernard Bett na wenzao walifuatilia mbuzi na kondoo 316 katika mazingira matatu ya Tana River: kwenye mradi wa unyunyizaji wa Bura, kwenye vijiji vya kando ya mto, na kwenye malisho ya wafugaji. Waliwarudia wanyama walewale mara sita, kila mara wakitoa damu na kutafuta kingamwili dhidi ya kirusi. Mwaka ule hapakuwa na mlipuko wowote. Hata hivyo wanyama 15 ambao awali hawakuwa na kingamwili walikuja kuwa nazo, wote wa sehemu za unyunyizaji na za kando ya mto. Kwenye malisho makavu hapakupatikana hata mmoja. Maana yake ni kwamba kirusi hakisubiri mafuriko. Kinaendelea polepole mahali maji yalipo mwaka mzima, na mifereji tunayochimba ili tule inaweza kukifuga.

Jiulize sasa nani duniani atainukuu makala hiyo. Watafiti wa homa ya Bonde la Ufa, ambao si wengi, na miongoni mwao wale tu wanaoshughulika na unyunyizaji. Makala ya mbinu hunukuliwa na kila anayetumia mbinu hiyo: ile ya Oliver Lowry ya mwaka 1951, kuhusu kupima protini, imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, na Lowry mwenyewe hakuona kuwa ndiyo kazi yake bora. Makala ya saratani au ya kisukari ina wasomaji katika kila nchi tajiri. Ya mbuzi wa Bura ina wasomaji wachache wanaonukuu, na wengi wanaopaswa kuitumia bila kunukuu: daktari wa mifugo wa kaunti anayepanga chanjo, msimamizi wa mashamba ya mpunga ya Gamba karibu na Garsen, mama anayekamua mbuzi alfajiri. Daktari wa mifugo anayebadilisha ratiba ya chanjo kwa sababu ya matokeo hayo haongezi hata nukta moja kwenye h ya mtu yeyote.

Kuna pingamizi lenye uzito. Watasema: ukiondoa nambari, utarudisha kujuana. Katika nchi ambako kazi nyingi hupatikana kwa simu ya mjomba, h ni afadhali, kwa sababu haijui kabila wala ukoo. Nakubali nusu. Nambari huzuia aina moja ya upendeleo na kuruhusu nyingine: mwenye maabara kubwa na wafadhili wa ng'ambo huingizwa kwenye makala za waandishi mia, naye aliyekaa Hola, Tana River, akikusanya sampuli hukosa hata nafasi ya katikati katika orodha ya majina. Isitoshe, kipimo kikishakuwa njia ya mkate, watu hujifunza kukicheza; kujinukuu na kunukuliana kwa makubaliano ni mambo yanayojulikana. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 liliwataka wafadhili na vyuo waache kumpima mtafiti kwa jarida alilochapishia, na wasome kazi yenyewe. Kusoma kunachosha, lakini ndiyo kazi ya kamati.

Pingamizi la pili ni kwamba manufaa ya mashinani hayapimiki, na ni rahisi kuyabuni kwa picha za warsha. Hilo lina jibu jepesi zaidi. Uamuzi wa umma huacha karatasi. Baada ya mlipuko wa 2006/07, wataalamu wa eneo hili walitengeneza mwongozo wa hatua kwa hatua wa kukabiliana na homa hii katika Pembe ya Afrika, uliochapishwa mwaka 2010, ili maafisa waanze na hatua ndogo kabla ya uhakika kamili. Mtafiti anayedai kuwa na athari na aonyeshe waraka wa namna hiyo: mpango wa chanjo, bajeti ya kaunti, tangazo kwa wachinjaji. Kama haupo, aseme haupo, na tumpime kwa ubora wa kazi.

Kwa wakubwa wa kaunti walioko Hola nina ombi. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, humtaka mtafiti ajulishe ofisi za kaunti kabla ya kuanza na awasilishe ripoti akimaliza. Ongezeni sharti lenu: kurasa mbili za Kiswahili, zisomwe barazani Garsen, Hola na Bura, na Kipokomo na Kiorma vitumike pale panapohitajika, zikisema kilichopatikana na kinachotakiwa kufanywa. Asiyezileta asipewe barua ya kuanza utafiti mwingine.