«Auld lang syne»: huko Fataki wanasema «mbele ya vita»

Kila Bonane, saa sita ya usiku ikifika, watu wa nchi nyingi wanashikana mikono na kuimba wimbo wa Uskoti ambao wengi wao hawaelewi hata jina lake. Huku Ituri tunaijua sauti yake kwa Kifaransa: ndiyo ile maskuti wanaimbia wakiagana, «Ce n'est qu'un au revoir». Maneno hayo yaliandikwa mwaka 1920 na padri Mjezuiti Jacques Sevin.

Lakini Kifaransa kinaangalia kesho, Kiskoti kinaangalia nyuma. «Auld» ni ya zamani, «lang» ni ndefu, «syne» ni tangu. Kwa pamoja: siku zile nzuri tulizopitisha pamoja. Kuna waandishi wa Uskoti wanaoanzia nayo hadithi, kama sisi na «hapo zamani za kale». Kwangu tafsiri hiyo haitoshi. Zamani za kale ni za sungura na fisi, hakuna aliyeziona. Hizi wewe na mimi tulikuwepo.

Robert Burns, aliyeupeleka wimbo kwa wachapishaji mwaka 1788, anasimulia marafiki wawili waliokimbia milimani na kucheza mtoni, kisha bahari ikawatenganisha. Wanapokutana tena, wanashikana mikono na kunywa pamoja.

Fataki, katika milima ya wilaya ya Djugu, kaskazini mwa Bunia, muda huo una jina: «mbele ya vita». Ukilisikia, uliza vita gani. Mzee anaweza kumaanisha mbele ya Juni 1999, ugomvi wa mashamba kati ya Wahema na Walendu ulipogeuka vita. Kijana anamaanisha mbele ya Desemba 2017, mauaji yalipoanza tena na watu wengi wakakimbilia Bunia, wengine wakavuka Ziwa Albert hadi Uganda. Aliyezaliwa 1999 ana miaka michache tu ya kukumbuka, ile ya katikati.

Marafiki wa Burns walitenganishwa na bahari, na bahari haina kosa. Huku waliotengana walikalia benchi moja shuleni, walikutana soko moja, wengine walioana. Mtu akimwambia jirani wa kabila lingine «Unakumbuka mbele ya vita?», anamuuliza pia kama wangali marafiki, na jibu linaweza kukawia.