Fundi akisema "ndogo hiyo", shika kompyuta yako!

Mpenzi msomaji, wiki hii sina stori za mapenzi wala mavazi. Nina msiba. Marehemu ni kompyuta yangu ya kupakata, iliyofia mezani kwa fundi pale Kariakoo huku mwenyewe nimesimama naangalia.

Ilianza Alhamisi usiku. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka, feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi ti! Halafu ikalia pii, pii, pii, ikanyamaza, ikaanza tena. Mashine ikilia hivyo inakwambia pale inapoumwa. Kila kampuni ina hesabu yake ya milio, na mara nyingi mgonjwa huwa ni memori.

Ingekuwa ni mambo yangu tu ningelala. Lakini mdogo wangu alikuwa ameandikia humo ripoti yake ya fildi, kurasa 43, na chuo kinaitaka Jumatatu. Nakala nyingine hakuna. Flashi yake imejaa nyimbo tupu.

"Kaka, ripoti yangu," akasema, basi. Hakuongeza neno. Bora angenigombeza.

"NDOGO HIYO, BRO"

Ijumaa asubuhi nikatua Kariakoo. Kijana wa watu akanipokea vizuri, akanisikiliza nusu, akanikata: "Ndogo hiyo, bro. Memori imekufa. Elfu arobaini, nusu saa unaondoka nayo."

Akafungua skrubu, akachomoa kadi ya memori, akachukua nyingine kwenye kopo. Ikagoma kuingia. Akaisukuma kwa kidole gumba. Ikagoma. Kumbe aliyoshika ni DDR3, wakati mashine yangu inatumia DDR4! Za kompyuta za kupakata, DDR3 ina meno 204 na DDR4 ina meno 260, na lile pengo la katikati limewekwa mahali tofauti makusudi ili mtu asikosee. Hata umeme hazili sawa.

Akatafuta ya aina yake, ikaingia. Kioo bado cheusi.

Sasa, mashine yangu nusu ya memori ni kadi ya kuchomoa, nusu ni chipu zilizolehemewa kwenye madabodi. Jamaa akazigeukia chipu. Akawasha bloa, lile dude la kupuliza hewa ya moto, akaanza kuzichoma. Betri hajachomoa! Niliona, nikanyamaza. Mimi nani nimfundishe fundi kazi?

Mara nikasikia harufu ya plastiki. Alipobonyeza swichi, safari hii hata taa haikuwaka. Mashine imekuwa sinia.

"Hii ilikuja ikiwa mbovu sana, bro," akaniambia mkavu. Tukabishana mpaka watu wakajaa, akanirudishia nusu ya hela. Nikaondoka nimechoka kama niliyebeba magunia.

MZEE WA MWENGE

Kijiweni wakanielekeza kwa mzee mmoja wa Mwenge. Jumamosi nikamwamkia, nikamwaga yote. Hakugusa bisibisi. Akauliza swali moja tu: "Kijana wangu, unataka mashine, au unataka kilichomo?"

Kariakoo hakuna aliyeniuliza hivyo.

"Kilichomo, mzee."

Akafungua. Kwanza akatenganisha betri, kisha akatoa diski na kuiweka kando. "Memori ni meza ya kufanyia kazi," akasema. "Ukizima mashine, meza inafagiwa. Diski ndiyo kabati. Meza ikivunjika, kabati linabaki."

Moyo ukatulia kidogo. Ndipo akaanza kazi, pole pole. Akapima chaja kwa mita, umeme unatoka. Akashikilia swichi sekunde 30 bila betri wala chaja, kumaliza umeme uliobaki ndani. Akamulika madabodi kwa lenzi, akaona tone la lehemu limeyeyuka likaunganisha njia mbili. Shoti! Akaliondoa, akachomeka chaja, taa ikawaka na feni ikazunguka. Nikaruka.

"Tulia," akasema. Kioo kilikuwa bado cheusi. Akangoja dakika kama tano, maana mashine ikibadilishiwa memori inaweza kujipima kwanza kabla haijaonyesha kitu. Wapi! Akafuta meno ya kadi kwa raba ya penseli, akajaribu tena. Wapi! Zile chipu zilizochomwa hazikujibu.

"Hapa pameshanishinda," akasema. "Sina vifaa vya kubadilisha chipu hizi, na sitakudanganya." Akachukua Sh 10,000 tu.

Nikanunua kijumba cha diski chenye waya wa USB, Sh 15,000, tukachomeka kwenye kompyuta yake. Folda zikajipanga kama askari, na ripoti ikiwemo. Nikampigia mdogo wangu, akalia kwenye simu. Jumatatu alikabidhi.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Wewe unayesoma, ikikupata, usikimbilie bloa. Kwanza toa chaja, tenganisha betri kama unaifikia, shikilia swichi nusu dakika. Kisha chomoa kadi za memori, futa meno yake taratibu, rudisha moja moja. Ikiwaka na moja ikakataa na nyingine, umeshamjua mbaya wako. Na ukiwa umebadilisha memori, vuta subira dakika chache.

Ukienda kwa fundi, mwambie diski itoke kwanza, mbele yako, na betri itenganishwe. Lakini angalia, mashine nyingine diski nayo imelehemewa, haitoki. Na diski iliyofungwa kwa BitLocker itakudai ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo jua mapema umeuweka wapi.

Halafu msikilize fundi anavyoongea. Yule wa "ndogo hiyo" alinimalizia mashine. Aliyeniambia "pamenishinda" ndiye aliyeniokoa.

Mdogo wangu sasa ana flashi mbili, na hakuna wimbo hata mmoja. Mimi safu hii nimeiandika kwa mkono. Mwenye mashine ya mtumba ya bei ya kishkaji anikumbuke.

Tukutane wiki ijayo.