Daktari wa Viungo Hupikwa Miaka Kumi na Ushee

Pwani ya kusini ina nafasi yake katika historia ya tiba ya viungo, ingawa haitajwi sana. Mwaka 1952 na 1953 wakazi wa uwanda wa Wamakonde walikumbwa na homa iliyowaacha wamejikunja kwa maumivu ya maungio. Eneo hilo lilikuwa ndani ya Mkoa wa Kusini wa Tanganyika, mkoa uliojumuisha pia Kilwa na Lindi. Dk. Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa hao, W.H.R. Lumsden akafuatilia jinsi maradhi yalivyoenea, na R.W. Ross akakitenga kirusi kinachobebwa na mbu. Ndiyo chikungunya. Mwaka 2005 na 2006 ilikitikisa kisiwa cha Réunion, baadaye ikafika Amerika ya Kusini, na leo daktari wa viungo anapaswa kuijua, kwa sababu baadhi ya wagonjwa hubaki na maungio yanayouma kwa miezi, hata miaka, baada ya homa kwisha.

Zaidi ya miaka 70 imepita. Mkulima wa ufuta wa Miteja, wilayani Kilwa, akiamka vidole havikunjiki, safari yake inaanzia zahanati. Akipewa rufaa atakwenda hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, kisha Sokoine mjini Lindi, au avuke Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji aelekee Muhimbili, Dar es Salaam. Safari hiyo ya mwisho inategemea pia barabara. Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, jirani tu na Miteja, na magari yakakwama pande zote mbili. Hata akifika salama, uwezekano wa kukutana na daktari aliyesomea hasa ugonjwa wake ni mdogo. Madaktari wa aina hiyo nchini bado ni wa kuhesabika kwa vidole.

Wengi humchanganya daktari huyu na daktari wa mifupa. Wa mifupa, kama wale wa taasisi ya mifupa ya Muhimbili (MOI), hupasua, hufunga vyuma na kubadilisha nyonga. Mtaalamu wa rumatolojia hutoka katika tawi la magonjwa ya ndani na silaha yake kubwa ni dawa. Anashughulika na baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na lupasi inayoweza kuanzia kwenye viungo na kuishia kwenye figo. Jongo, linaloletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, ni lake pia. Mgonjwa anayepelekwa kwa mpasuaji wakati alihitaji vidonge hupoteza muda, na katika baridi yabisi muda ni kila kitu: dawa zikianza katika miezi michache ya mwanzo, maungio yanaweza kuokolewa. Zikichelewa, mfupa ukishaliwa haurudi.

Hesabu ya kumpika mtaalamu huyo inachosha. Shahada ya udaktari ni miaka 5, na mafunzo ya vitendo hospitalini mwaka 1. Hufuata miaka ya kazi, mara nyingi wilayani. Shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani, kwa mfano pale Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, huchukua miaka 3. Hapo anaitwa bingwa. Ili awe bingwa bobezi huongeza takriban miaka 2. Marekani nao wana mpangilio unaofanana, miaka 3 ya magonjwa ya ndani na 2 ya rumatolojia. Kwa hiyo hata ukiacha miaka ya kazi, ni miaka 11 tangu siku aliyoingia chuo kikuu.

Anajifunza nini muda wote huo? Kwanza, mikono. Anafundishwa kubonyeza kifundo cha kidole na kutambua kama uvimbe ni laini, ishara ya uvimbe hai ndani ya ungio, au ni mgumu, ishara ya mfupa uliokua kwa uchakavu. Vidole viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kuhitaji tiba tofauti kabisa.

Pili, sindano. Goti lililovimba hutobolewa na majimaji yake kunyonywa. Yakiwa usaha, ni dharura ya saa, wala si ya wiki. Yakiwa na chembe ndogo mfano wa sindano, ni jongo. Tangu mwaka 1961, Daniel McCarty na Joseph Hollander walipoonyesha kuwa chembe hizo huonekana kwa hadubini yenye mwanga maalumu, uchunguzi huo umekuwa ndio kipimo cha uhakika. Hospitali nyingi za wilaya hazina hadubini ya namna hiyo, kwa hiyo mwanafunzi anayetegemea kifaa peke yake atakwama siku ya kwanza akirudishwa kazini.

Tatu, dawa, na hapa ndipo ubobezi unapojionyesha. Methotreksati, dawa kuu ya baridi yabisi, humezwa mara moja kwa wiki. Mgonjwa akikosea akaimeza kila siku, uboho huacha kutengeneza damu na anaweza kufa. Anayeiandika lazima ajue kulieleza hilo kwa Kiswahili kinachoeleweka, apange siku moja ya wiki, na apime damu na ini mara kwa mara. Hidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ambayo Tanzania iliiacha mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria. Hidroksiklorokwini nayo inadai macho yapimwe. Kisha kuna prednisoloni. Huyo ndiye mdanganyifu. Maumivu hupoa upesi, mgonjwa anashukuru, anarudi dukani kununua tena bila cheti. Baada ya miezi uso umejaa, sukari imepanda, mifupa imedhoofika, na ugonjwa wenyewe haujapona. Kumwondoa mtu kwenye dawa hiyo taratibu, kwa kuwa kuiacha ghafla ni hatari, ni somo linalotaka subira kuliko kitabu.

Ukanda huu una masomo yake ya ziada. Siko seli huwavimbisha watoto wadogo mikono na miguu, na kwa wakubwa huweza kuua kichwa cha mfupa wa nyonga kwa kukosa damu. Kifua kikuu hula uti wa mgongo. Virusi vya Ukimwi vina maumivu yao ya maungio. Daktari aliyefundwa Ulaya Kaskazini tu hukutana na haya kwa nadra, ndiyo maana suala la mafunzo kufanyika Afrika Mashariki lina uzito kuliko fahari ya kuwa na chuo chetu.

Nairobi ilitangulia. Profesa Omondi Oyoo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na shirikisho la kimataifa la vyama vya rumatolojia (ILAR) na Ines Colmegna wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alisukuma mpango wa kuwafunda madaktari wa Afrika Mashariki, na mwaka 2011 wakachapisha taarifa ya hali ilivyokuwa. McGill ndiko pia alikosomea Dk. Angela Migowa wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, mtaalamu wa viungo vya watoto. Lakini jambo lenye mafunzo makubwa kwa Kilwa ni mradi wa UWEZO wa Kenya wa miaka ya 2010. Haukungoja mabingwa waongezeke. Waliandaliwa walimu wa Kikenya, nao wakaenda kuwafundisha matabibu, wauguzi na madaktari wa kawaida jinsi ya kukagua viungo.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika chache. Kipimo kiitwacho GALS, kilichotolewa Uingereza mwaka 1992, kina maswali matatu: una maumivu au ukakamavu? Unavaa nguo bila taabu? Unapanda na kushuka ngazi bila taabu? Kisha mgonjwa hutembea, hunyoosha mikono, huinama. Swali la ngazi halina maana kubwa Miteja, ambako nyumba nyingi hazina ghorofa. Afadhali aulizwe kama anachuchumaa chooni, anasujudu bila kushikiliwa, anapanda bodaboda.

Tanzania nayo imeanza kupima. Chuo Kikuu cha Glasgow na hospitali ya KCMC ya Moshi walifanya utafiti wa magonjwa ya viungo wilayani Hai, wakitumia GALS hiyohiyo kuwakagua watu majumbani. Muhimbili, Dk. Francis Furia na wenzake walichapisha mwaka 2020 aina za magonjwa hayo kwa watoto waliofika hospitalini hapo. Kusini, ambako chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza, kunastahili utafiti wa aina hiyo.

Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, zilizoanza mwaka 2024 katika halmashauri nchini, huleta mabingwa wa uzazi, watoto, upasuaji, ganzi na magonjwa ya ndani. Wa viungo hayumo, na kwa idadi iliyopo haiwezekani awemo. Bingwa wa magonjwa ya ndani ndiye anayebeba mzigo wake kwa siku chache, kisha anaondoka.

Serikali inafadhili masomo ya ubobezi, na rumatolojia inastahili nafasi zaidi katika ufadhili huo. Ila mkataba wa anayefadhiliwa uwe na kifungu kimoja: akihitimu, kila mwaka atumie wiki kadhaa kuwafundisha matabibu wa mikoa isiyo na bingwa wake, Lindi ikiwa mojawapo, kukagua maungio, kuitambua baridi yabisi mapema na kusimamia methotreksati. Bobezi anayekaa Dar es Salaam peke yake hatamfikia mkulima wa Miteja. Tabibu wa Kinyonga aliyefundishwa naye atamfikia.