Fizi: Shule ikisimama, kobaye na kuku wanaweza kumfundisha mtoto nyumbani

Lulimba, kwenye barabara inayotoka Baraka na Fizi kuelekea Kalemie, mtoto kukaa nyumbani saa za masomo si jambo la kushangaza tena. Mara mapigano yamehamisha familia, mara pesa za kaye na nguo za shule zimekosekana, mara mtoto amefuata wakubwa kwenye migodi ya dhahabu ya Misisi. Wazazi wengi huhesabu miezi hiyo kuwa imepotea. Lakini nyuma ya nyumba nyingi kuna darasa ambalo halifungwi: banda la mifugo midogo.

Katiba ya nchi yetu ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure kwenye shule za serikali. Kifungu hicho hicho kinawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuelimisha watoto wao. Masomo ya bure yalianza kutekelezwa Septemba 2019. Hata hivyo, masomo ya bure hayamfikii mtoto ambaye kijiji chake kimekimbia. Kwake, mzazi ndiye mwalimu anayebaki.

Mnyama anayebebwa katika kitunga

Miaka ya vita imebadilisha ufugaji katika Kivu ya Kusini. Ng'ombe na mbuzi wengi waliporwa, na familia zikageukia wanyama wadogo: kuku, sungura na kobaye. Watafiti wa kituo cha kimataifa CIAT, ambao wamechunguza ufugaji katika jimbo letu, waliona jinsi kobaye alivyoenea vijijini, na kwamba mara nyingi wanaomtunza ni wamama na watoto.

Sababu inaeleweka. Ng'ombe anaonekana toka mbali. Kobaye anakula majani na maganda, hahitaji shamba, na familia ikilazimika kukimbia usiku, mtoto anaweza kuwaweka watatu katika kitunga na kuondoka nao. Kwa hiyo hata somo lake linaweza kuhama pamoja naye.

Hesabu zinazoliwa majani

Tuchukue mtoto wa miaka kumi aliyeacha shule akiwa mwaka wa nne. Apewe dume moja, majike matatu, kaye na biki. Siku jike linapozaa, aandike tarehe. Mimba ya kobaye huchukua siku kama 68, na jike linaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Mtoto ahesabu mwenyewe kwenye kalenda: uzazi unaofuata utakuwa tarehe gani?

Kisha swali gumu zaidi. Kila jike likizaa watoto watatu, mara nne kwa mwaka, majike matatu yatatoa wangapi? Ni 36. Robo yao wakifa, watabaki 27. Hapo mtoto amefanya kuzidisha, sehemu na kutoa, na ana sababu ya kutaka jibu sahihi, kwa kuwa wanyama ni wake.

Banda likiwa na mifugo mingine, kalenda inapanuka. Yai la kuku hutotolewa baada ya siku 21. Sungura hubeba mimba siku kama 31, mbuzi siku kama 150. Mtoto wa sungura huzaliwa bila manyoya na macho yakiwa yamefungwa. Wa kobaye huzaliwa na manyoya, macho wazi, na baada ya siku moja au mbili ameanza kutafuna majani. Mwulize mtoto: kwa nini mimba ya kobaye ni ndefu kuliko ya sungura? Akitazama watoto wa wote wawili, atapata jibu peke yake.

Biolojia iko palepale. Mwili wa kobaye hauwezi kutengeneza vitamini C, kama vile wa binadamu. Asipopata majani mabichi, hudhoofika. Toka hapo ni hatua ndogo kueleza kwa nini sisi tunakula sombe, lengalenga na maembe. Na kuna somo la urithi: madume machanga yatengwe na mama na dada zao yakifika wiki tatu hivi, la sivyo watazaliana ndugu kwa ndugu na kizazi kitadhoofika.

Hata jiografia imo. Kobaye alifugwa kwanza katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Muhogo tunaosonga bugali nao ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya Congo katika karne ya 16. Mtoto wa Lulimba akitazama sahani yake na banda lake, anaona bahari nzima iliyovukwa.

Kuku nao wana somo la afya. Ugonjwa wa Newcastle, ambao waliokaa Tanzania wanaujua kwa jina la mdondo, unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Kuna chanjo ya tone moja kwenye jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Haiponyi kuku ambaye ameshaugua, lazima itangulie. Mtoto anayefahamu hilo kwa kuku atafahamu pia kwa nini mdogo wake hupelekwa kuchanjwa akiwa mzima.

Kujifunza si kutumikishwa

Kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kugeuza somo kuwa mzigo. Mtoto anayetumwa kukata majani toka asubuhi hadi jioni, bila mtu kumuuliza swali, hajifunzi. Anafanya kazi ya mtu mzima. Wasichana ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa wana maji, kuni na wadogo wa kulea. Kazi ya banda isizidi saa moja au mbili, jioni kaye ifunguliwe, na mnyama akiuzwa, mtoto ahesabu pesa hiyo mwenyewe. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza, na kaka au dada mkubwa akasahihisha.

Ya pili ni kusahau cheti. Banda halitoi cheti, na bila mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, mlango wa sekondari unabaki umefungwa. Ndiyo maana kuna vituo vya kufidia masomo, CRS, ambavyo hupitisha mtoto katika miaka sita ya msingi kwa miaka mitatu na kumpeleka kwenye mtihani huo. Mtoto anayefika huko akiwa bado anaandika na kuhesabu hana haja ya kuanza na herufi a.

Mzazi, kama shule ya kwenu imesimama leo, usingoje ifunguliwe. Tafuta kobaye wawili, dume na jike, na ununue kaye. Siku kengele itakapolia tena, mtoto wako arudi darasani na kaye hiyo mkononi, amwonyeshe mwalimu alipofika.